Swali Linaloulizwa kwa Kunong'ona

Wazazi wenzangu, walezi, walimu, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma mkidhani siwaoni, habari zenu.

Mimi ni muuguzi. Kwa miaka mingi kituo changu cha kazi kimekuwa chumba kimoja chenye kitanda, taa ya kumulikia na pazia, ambamo wanawake huja kupimwa mlango wa kizazi. Siku nyingine nafunga boksi la chanjo na kwenda kuchanja wasichana dhidi ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Kwa hiyo saratani hii naijua kwa ncha zote mbili: pale inapozuiwa asubuhi na mapema, na pale inapokuwa imeshafanya kazi yake.

Nimesimama mbele za watu mara nyingi kuzungumzia jambo hili. Nikimaliza na kuuliza nani ana swali, mikono huwa miwili mitatu. Watu wanatawanyika, mimi nakusanya karatasi zangu, na hapo ndipo mzazi mmoja anasogea, anaangalia kushoto na kulia, anashusha sauti: "Sista, binti yangu ana miaka 10 tu. Hajui lolote. Mbona mnamchanja ugonjwa wa watu wazima?"

Leo sitasubiri watu watawanyike. Naanza na swali hilo, na nalijibu kwa kipaza sauti, kwa sababu nikilijibu vizuri mengine mengi yatakuwa yamejijibu.

Kirusi cha HPV si kirusi kimoja, ni ukoo mzima. Aina zilizokwisha kutambuliwa ni zaidi ya 200. Nyingi hazina neno. Kuna zinazoleta chunjua za kawaida za mikononi, kuna zinazoleta masundosundo sehemu za siri. Lakini ndani ya ukoo huo zimo aina chache za hatari, na mbili zilizo mbaya kuliko zote zinaitwa namba 16 na namba 18. Hizo mbili peke yake ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani.

Kirusi hiki huhama kwa ngozi kugusana na ngozi wakati wa kujamiiana. Hakingoji damu wala majimaji. Ndiyo maana kondomu hupunguza maambukizi lakini haiyamalizi: ngozi ambayo haikufunikwa imeguswa vilevile. Na ni kirusi cha kawaida mno. Watu wengi walioanza kujamiiana hukipata wakati fulani, wengi wao katika miaka ya mwanzo kabisa, na hawajui. Hakuna homa, hakuna muwasho, hakuna kidonda. Kwa watu kama 9 kati ya 10 mwili hukifukuza wenyewe ndani ya miaka 2, bila dawa na bila mwenye mwili kuwa na habari.

Tatizo liko kwa yule wa kumi. Kwake kirusi hakiondoki. Kinajificha kwenye chembechembe za mlango wa kizazi na kuanza kuzibadilisha taratibu. Taratibu kweli: kwa mwanamke mwenye kinga nzuri ya mwili, kutoka maambukizi hadi saratani ni safari ya miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga iliyodhoofika, kama anayeishi na VVU bila kutumia dawa, ni miaka 5 hadi 10.

Sasa rudini kwenye lile swali. Chanjo ya HPV haitibu. Haimwondoi kirusi aliyekwisha kuingia. Inatengenezwa kwa ganda la nje la kirusi, protini tupu, ndani hamna kitu, hamna vinasaba, kwa hiyo haiwezi kumwambukiza mtu. Ni sawa na kumnusisha mbwa wa ulinzi koti la mwizi. Mwizi mwenyewe hayumo ndani ya koti. Mbwa akishalijua harufu yake, siku mwizi akija anabwekewa kabla hajafika dirishani. Lakini ukimnusisha mbwa koti wakati mwizi ameshaingia na kujifungia chumbani, mbwa wako hafui dafu.

Ndiyo sababu ya miaka 9 hadi 14. Tunachanja umri huo kwa sababu mwizi bado hajafika. Na kuna la pili ambalo wazazi wengi hawaambiwi: mwili wa mtoto wa umri huo hulishika somo hili kuliko mwili wa mtu mzima. Hutoa kingamwili nyingi zaidi kwa chanjo ile ile.

Msinichukulie kwa maneno matupu. Kule Sweden watafiti walifuatilia wasichana na wanawake karibu milioni 1.7 kati ya mwaka 2006 na 2017. Waliochanjwa kabla ya kufika miaka 17 walipata saratani hii kwa asilimia 88 pungufu ukiwalinganisha na wasiochanjwa. Waliochanjwa baadaye, kati ya miaka 17 na 30, upungufu ulikuwa asilimia 53. Chanjo ni ile ile. Kilichowatofautisha ni saa waliyochanjwa. Scotland nao walianza kuchanja mashuleni mwaka 2008, na mwanzoni mwa 2024 walitangaza matokeo: miongoni mwa wanawake waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13, hakupatikana hata mmoja mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Hata mmoja! Mimi niliyesoma hayo nilikuwa nimekaa kwenye kiti kile kile ninachokalia ninapowaambia watu habari mbaya. Nilisimama, nikatoka nje kidogo.

Lakini najua chini ya swali hilo kuna jingine, ambalo hata kwa kunong'ona halitoki vizuri. Nalisema mimi: "Nikimchanja, si nitakuwa nimempa ruhusa?"

Hapa naomba akina baba mnisikilize hasa. Mwaka 1842 daktari mmoja wa Italia, Domenico Rigoni-Stern, alikaa na kuzipitia kumbukumbu za vifo vya mji wa Verona za miaka karibu 80. Aliona kitu cha ajabu. Saratani ya kizazi ilikuwa inawaua wanawake walioolewa na wajane, lakini kwa watawa ilikuwa nadra. Wakati ule hakuna aliyejua kirusi ni nini. Tazameni vizuri lakini waliokufa ni akina nani: ni wake za watu. Wanawake wa ndoa zao, wenye watoto wao. Binti yako anaweza kujitunza mpaka siku ya harusi, akaolewa na mwanamume mmoja, asimjue mwingine hadi anazikwa, na bado akakipata kirusi hiki kwa huyo huyo mmoja, ambaye naye hajui kama anacho. Kwa hiyo hatuchanji tabia. Tunamchanja mtu ambaye siku moja, kwa wakati wake, atakuwa mke wa mtu. Tulipowachanja hawa watoto pepopunda hatukuwapa ruhusa ya kukanyaga misumari.

Ilichukua zaidi ya karne moja kujua alichokiona yule daktari. Mjerumani Harald zur Hausen ndiye aliyeonyesha miaka ya 1980 kwamba HPV ndiyo inayosababisha saratani hii, na mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kwenye historia hii kuna mwanamke ambaye mimi humkumbuka kila mara. Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi, mama wa watoto 5, alifariki Baltimore mwaka 1951 kwa saratani ya mlango wa kizazi, akiwa na miaka 31. Madaktari walichukua chembechembe za uvimbe wake bila kumwomba ridhaa, na chembechembe hizo zinaendelea kukua maabara duniani kote hadi leo. Zilipokuja kuchunguzwa miaka mingi baadaye, ndani yake kilikutwa kirusi cha HPV namba 18. Namba ile ile iliyomo kwenye chanjo tunayowachoma mabinti zenu. Yeye hakuulizwa, hakuambiwa, na hakupona. Ninyi mnaulizwa, nami nipo hapa kueleza. Ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Haya, uzazi. Najua mmeletewa ujumbe kwenye simu kwamba chanjo hii inafunga kizazi. Hakuna ushahidi wa hilo, na hii chanjo imeshatumika tangu mwaka 2006, kwa mamilioni ya wasichana ambao wengi wao sasa ni mama. Australia ilianza kuchanja kitaifa mwaka 2007, Rwanda mwaka 2011, ikiwa ya kwanza Afrika. Wasichana wale wameolewa, wanazaa. Kinachofunga kizazi ninakijua, ninakiona: ni saratani yenyewe, ambayo ikifika mbali tiba yake ni kuondoa kizazi chote au kukipiga mionzi. Na hata zile tiba ndogo za awali, ukikatwa kipande cha mlango wa kizazi, huweza kuongeza uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati. Anayeuogopea uzazi wa binti yake ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kwenye foleni.

Uvumi una gharama. Japani mwaka 2013 iliiweka chanjo hii kwenye ratiba ya taifa, na baada ya miezi miwili tu, kwa habari zilizosambaa za wasichana kupata maumivu na kutetemeka, serikali ikaacha kuwahimiza watu. Waliokuwa wanachanja walikuwa asilimia 70 hivi, wakaporomoka hadi chini ya asilimia 1. Uchunguzi haukuonyesha kwamba chanjo ndiyo iliyosababisha. Mwaka 2022 wakarudi kuhimiza. Hesabuni wenyewe ni wasichana wa miaka mingapi waliopita hapo katikati, na mkumbuke ile safari ya miaka 15 hadi 20. Gharama hiyo bado inakuja.

Sisemi chanjo haina maudhi. Ninayo picha ya kila wiki. Msichana anakaa, anakunja mkono wa sare hadi begani, anageuza uso ukutani. Namwambia alegeze bega kwa sababu msuli uliokakamaa ndio unaouma. Sindano yenyewe ni pumzi moja. Anageuka: "Bado?" Namwambia tayari. Wenzake wanacheka. Kisha hawaendi popote. Wanakaa kwenye benchi dakika 15, kwa sababu wasichana wa umri huu wakiona sindano wengine huzirai, na afadhali azirai akiwa amekaa kuliko akiwa kwenye ngazi. Jioni bega litauma, pengine litavimba kidogo, kichwa kinaweza kugonga, homa ndogo ikaja. Siku mbili tatu imekwisha. Mzio mkali hutokea mara chache sana, na hiyo ni sababu nyingine ya zile dakika 15. Mkiona muuguzi anachanja na kuwaachia watoto wakimbie hapo hapo, mwambieni.

Habari njema nyingine ni dozi. Zamani zilikuwa tatu, zikawa mbili, na wengi wenu mmesikia hivyo. Tangu Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani limesema dozi moja inaweza kutosha kwa wenye umri wa miaka 9 hadi 20. Sehemu ya ushahidi huo ilitoka Kenya, kwa wasichana na wanawake wa miaka 15 hadi 20 waliokubali kushiriki utafiti: dozi moja iliwakinga kwa zaidi ya asilimia 97 dhidi ya maambukizi sugu ya namba 16 na 18 katika miezi 18 ya kwanza. Kwa nchi zilizoamua kufuata dozi moja, mtoto anachomwa mara moja na kumaliza. Isipokuwa mtoto mwenye kinga dhaifu, anayeishi na VVU kwa mfano: huyo asiachiwe dozi moja, anahitaji angalau mbili, na ikiwezekana tatu. Kama binti yako yuko katika hali hiyo, mnong'oneze muuguzi. Kunong'ona huko kuna maana.

Na wavulana? Mnauliza vizuri. Kirusi hiki huleta saratani ya koo, ya njia ya haja kubwa na ya uume, na zipo nchi zinazochanja wote. Wasichana wanatangulizwa kwa sababu wao ndio wanaobeba mzigo mkubwa, na ukichanja wasichana wengi wa kutosha, kirusi kinakosa pa kupita hata kwa wavulana. Ningekuwa na chanjo ya kutosha ningewachanja wote, kusema kweli.

Sasa niwageukie akina mama, maana mmekaa hapa mnatikisa vichwa mkidhani mazungumzo ni ya mabinti tu.

Nilikuwa na shangazi. Alikoma hedhi akiwa na miaka 51. Alipofika 56 damu ikarudi, matone tu. Alicheka, akatuambia, "Jamani mimi nimerudi usichanani." Sote tulicheka, na mimi nilicheka, nikiwa tayari nimeanza mafunzo ya uuguzi. Miezi ikapita. Akaanza kukaa mwisho wa kochi, karibu na dirisha, na kujipaka manukato kupita kiasi. Hakuna aliyeuliza. Siku aliyonionyesha pedi aliyokuwa ameifunga kwenye mfuko wa nailoni ndipo nikaielewa ile harufu aliyokuwa anaifukuza. Alikuwa hajawahi kupimwa hata siku moja maishani mwake. Madaktari walifanya walichoweza kwa mionzi, lakini ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye kibofu. Mwezi wa nne hatukuwa naye.

Damu baada ya kukoma hedhi haina utani. Damu baada ya kujamiiana vilevile, damu katikati ya mwezi, uchafu unaonuka, maumivu ya nyonga yasiyoisha: nenda siku hiyo hiyo. Lakini msingoje hata hizo. Dalili zikija mara nyingi ugonjwa umeshatangulia. Ndiyo faida ya ile safari ndefu: katikati yake kuna miaka mingi ambayo mabadiliko yanaonekana kwa kipimo na bado si saratani.

Kipimo chenyewe nitawaeleza, kwa kuwa woga mwingi unatokana na kutojua kuna nini nyuma ya pazia. Unalala chali, unapanua miguu. Naingiza kifaa cha kutanulia uke. Ni cha baridi, hilo siwezi kulificha, mimi hukishika mkononi kwanza kipate joto. Natazama mlango wa kizazi, ni kitu cha waridi, cha mviringo, kama ncha ya pua. Napaka siki nyepesi, ya asilimia 3 hadi 5. Utasikia kamwasho. Tunasubiri dakika moja, na hapo huwa nauliza habari za watoto. Pakibaki waridi, umesalimika, vaa nguo. Pakigeuka pakawa peupe kama maziwa yaliyomwagika, kuna chembechembe zilizobadilika, na mara nyingi tunaweza kuzitibu siku hiyo hiyo kwa kuzigandisha au kuzichoma kwa joto. Unarudi nyumbani kwa miguu yako. Pale penye kipimo cha HPV chenyewe ni bora zaidi, kinakamata mapema kuliko macho yangu, na sehemu nyingi mwanamke hujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti cha pamba, bila kulala mbele ya mtu. Anza ukiwa na miaka 30, kwa kipimo hicho urudie kila baada ya miaka 5 hadi 10. Unayeishi na VVU, hatari yako ni mara 6, kwa hiyo anza na 25 na urudie kila baada ya miaka 3 hadi 5. Na aliyechanjwa akiwa mdogo naye atapimwa akifika umri, kwa sababu chanjo haikamati kila aina.

Mkikutwa na kirusi mtaniuliza: "Ni mume wangu ameniletea?" Mimi hujibu kwamba sijui, na hakuna daktari anayejua. Kirusi hiki huweza kukaa kimya miaka na miaka. Kinaweza kuwa cha kabla hamjaonana. Kwa wanaume hakuna kipimo cha kawaida cha kukitafuta. Nimeona nyumba zikitikisika kwa jibu ambalo lilikuwa habari njema, kwa sababu kirusi kilichogunduliwa ni kirusi kinachofuatiliwa. Akina baba, mkeo akirudi na karatasi hiyo, usianze na nani. Anza na lini anarudi kliniki.

Kwa hesabu za mwaka 2022 saratani hii iliua wanawake wapatao 350,000 duniani. Muda huu niliopewa, nusu saa, ni wanawake 20 hivi. Nchi zimekubaliana kwamba ifikapo 2030 wasichana 90 kati ya 100 wawe wamechanjwa wakifika miaka 15, wanawake 70 kati ya 100 wawe wamepimwa, na 90 kati ya 100 wanaokutwa na tatizo wawe wanatibiwa. Mengine hayo waachieni wapangaji. Ninachotaka mimi leo ni kidogo: mama akimleta binti achanjwe, asisubiri nje. Juzi alikuja mmoja na mwanawe wa miaka 11. Mtoto alipomaliza kuchomwa akamwangalia mama yake na kumuuliza, "Na wewe zamu yako lini?" Mama akaangua kicheko, akanikabidhi mkoba wake, akaingia nyuma ya pazia.

Meza ya kuandikisha iko pale mlangoni, fomu za ridhaa zipo, kalamu naomba mzirudishe. Mimi nabaki hapa mpaka mtu wa mwisho aondoke. Wenye maswali ya kunong'ona, njooni upande huu.